Bata Mwenye Miguu Myekundu

Shakwe siwapendi. Nalisema hilo mapema ili mtu asidhani kwamba haya yote niliyafanya kwa mapenzi ya ndege. Nilikulia Tanga, mtoto wa mama aliyeuza samaki wa kukaanga karibu na soko, na kazi yangu ya kwanza duniani ilikuwa kukaa kando ya sinia na kijiti cha mwarobaini mkononi, kuwafukuza shakwe. Shakwe ni mwizi asiye na haya. Anatua mbele yako, anakutazama machoni, anachukua kipande, kisha anakwenda kukaa juu ya paa la jirani na kucheka. Ukishamjua kwa namna hiyo, huwezi kumfananisha na mwingine popote utakapomkuta.

Kwa hiyo nilipomwona wa kwanza huku, chini ya Mlima Meru, sikuwa na shaka hata kidogo.

Nilikuwa nimeolewa karibuni, nimeanza kazi kwenye shamba moja la mboga upande wa Usa River, kwenye kibanda cha kufungashia maharage mabichi. Nyuma ya kibanda kuna bwawa la umwagiliaji. Mchana mmoja nilibeba chakula changu nikaenda kukaa ukingoni, nipumzike na harufu ya makatoni. Juu ya bomba la pampu alikuwa amesimama ndege mwenye mabawa ya kijivu, kichwa kama kimevishwa kofia ya kijivu, mdomo mwekundu, miguu myekundu, na jicho lile lile la mwizi. Kabla sijafikiri, mkono wangu ulikuwa umeshafunika bakuli.

Jumapili iliyofuata tulikwenda kula kwa baba mkwe, huko juu mlimani kwenye migomba na kahawa, nikasimulia. Baba mkwe wangu ni Mmeru wa kuzaliwa na kukulia pale pale. Anajua kila mfereji unapoanzia na unapoishia, na asichokijua yeye huwa kinahesabiwa kwamba hakipo. Aliweka chini bakuli lake la loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa ya mgando.

"Ndege wa baharini?"

"Ndiyo, baba."

"Huku kwetu?"

"Huku huku, baba."

"Amekuja na basi gani?"

Nyumba nzima ilicheka, na mimi nilicheka nao, kwa sababu mke mgeni afanye nini? Tangu siku hiyo nikawa mtu wa bahari. Wageni wakija nilikuwa natambulishwa hivyo: huyu ni mke wa kijana wetu, mtu wa pwani, anaona bahari mpaka kwenye migomba.

Ningekuwa na akili ningenyamaza. Lakini nilikuwa nakula chakula changu pale bwawani kila siku ya kazi, na bwawa lile lina mwaka wake. Mvua za vuli zikianza, mwezi wa kumi na moja, wanakuja buabua. Hao ni jamaa wa shakwe, wadogo, wembamba, weupe, wepesi kama karatasi iliyochukuliwa na upepo. Hawajitupi majini. Wanapita juu ya maji wakidona wadudu, wanageuka, wanapita tena, kutwa nzima. Wanakaa nasi kiangazi chote cha Januari na Februari, vumbi likiwa limetujaa masikioni. Masika yakishika, wanaanza kubadilika. Mwezi wa nne miili yao inakuwa myeusi ti, kama masizi ya sufuria, mabawa yakibaki meupe. Halafu asubuhi moja unatoka na bakuli lako na hakuna hata mmoja. Shakwe wao hawana ratiba. Anaweza kuja mmoja wakati wa baridi, mlima ukiwa umejificha wiki nzima kwenye mawingu, akakaa siku chache na kuondoka bila kuaga.

Hayo nayo niliyasema mezani, maana mimi huwa sijifunzi.

"Ndege mweupe anageuka mweusi," alisema baba mkwe, taratibu, kama mtu anayemsomea mtoto. "Nani anampaka dawa ya viatu?"

Nilipiga picha kwa simu. Kilichoonekana ni maji mengi na kidoa. Nilimwomba mzee mwenyewe aje bwawani atazame, akasema ana kahawa ya kupunguza matawi, hana nafasi ya kwenda kutembelea bata wa watu. Mume wangu, ambaye ni fundi magari mjini, huko Ngarenaro, aliniambia ananiamini, lakini aliniambia akiwa amelala chini ya gari, na ukweli uliosemwa chini ya gari haumfikii mtu yeyote.

Bado ulikuwa utani, na utani siuogopi. Uliacha kuwa utani mwaka ambao mfereji wa juu ulianza kuvuja. Nilikuwa nimekwenda kukata majani ya ng'ombe, nikaona ukingo umelainika na maji yanapenya chini yake kuelekea shamba la maharage. Nilirudi mbio nikasema. Shemeji yangu aliuliza kama nimeona maji ya mfereji au mawimbi. Wakacheka, wakaendelea na chai. Kesho yake ukingo ulibomoka, maharage yakaenda na maji, na hakuna aliyesema kwamba niliwaambia. Usiku ule nililia kwa hasira. Niliona kwamba katika nyumba ile naweza kuja kusema moto unawaka, nao wakaniuliza kama ni jua la Tanga. Nilitaka neno langu liwe na uzito kama la mtu mwingine yeyote. Sikutaka zaidi ya hapo.

Miaka ikapita hivyo, mpaka Jumapili moja ya mwezi wa nne.

Jumamosi yake ilikuwa imenyesha mvua ya mawe ya kutisha. Majani ya migomba yalikuwa yamechanika vipande vipande, na njia ya kwenda kanisani ilikuwa tope tupu. Ibada ilipokwisha, tulitoka nje kwa ajili ya mnada. Kwetu huku asiye na fedha taslimu huleta sadaka ya alichonacho: mkungu wa ndizi, trei la mayai, maziwa, kuku, parachichi. Vitu hivyo vinanadiwa pale uwanjani, kwaya ikiimba. Na mnada wetu una utamaduni wake. Unaweza kununua kitu ukakirudisha kinadiwe tena. Unaweza pia kumnunulia mtu mwingine kwa heshima yake, awe mchungaji, mgeni au bibi harusi, na aliyenunuliwa hakatai. Anatolewa mbele kwa nyimbo, na kitu kinakuwa chake.

Jirani yetu mmoja alikuja na tenga. Alisema kuna bata ameanguka kwenye migomba yake wakati wa mvua ya mawe, na kwa kuwa hakumfuga yeye, ameona ni haki amtoe kwa Bwana. Mzee wa kanisa anayenadi, mtu ambaye sauti yake haijawahi kuhitaji spika, alitia mkono tengani akamwinua juu.

"Bata! Bata wa mvua ya mawe! Ameshushwa na Mungu mwenyewe!"

Nilikuwa nyuma, pamoja na mama mkwe. Niliona kwanza miguu, imefungwa kwa ugomba, ile kamba ya mgomba. Myekundu. Nikaona mdomo mwekundu, na ile kofia ya kijivu, imelowa na kuchafuka. Kisha ndege akageuza kichwa akautazama umati mzima kama anayechagua atakayemwibia.

Baba mkwe anapenda bata kuliko nyama zote. Alitaja bei ya kwanza. Kina mama wa kwaya wakaongeza, naye akawapita. Wakaongeza tena, akawapita tena, huku akicheka, na watu wakaanza kumpongeza kwa mchuzi. Mama mkwe alishaninong'oneza kwamba vitunguu vipo nyumbani ila nyanya hazitoshi.

Nilijua ninachokitazama. Ndege yule akiingia sufuriani, atakuwa bata milele. Ushahidi ulikuwa umeangushwa na mvua mpaka mikononi mwao, nao walikuwa wanataka kuupika. Lakini mke wa mtoto kushindana bei na baba mkwe wake, mbele ya usharika mzima, ni jambo ambalo lingesimuliwa mpaka wajukuu. Mzee wa kanisa alikuwa ameanza kuita kwa mara ya mwisho. Nikapiga moyo konde, nikanyoosha mkono.

"Naongeza!"

Hata kwaya ilikatisha wimbo. Mama mkwe alinifinya ubavuni. Baba mkwe akageuka polepole na kofia yake.

"Mama, unashindana na mimi?"

"Hapana, baba," nilisema, na sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. "Namnunulia baba mkwe wangu!"

Vigelegele vilipasuka. Kina mama walimzunguka mzee, wakamtoa mbele wakiimba, wakamkabidhi ndege, naye alishindwa kuficha furaha maana hakuna aliyewahi kumnunulia kitu mnadani. Mzee wa kanisa akanitaka nami nije mbele niseme neno moja. Nilikuwa nimelisubiri neno hilo miaka.

"Baba, ni wako," nilisema. "Kisu ni chako na sufuria ni yako. Ombi langu ni moja. Huyu si bata, huyu ni shakwe. Twende naye bwawani kwanza. Tukikuta mwenzake, tumwachie huru. Tusipomkuta, nitamnyonyoa mimi mwenyewe pale pale, na hutanisikia tena nikitaja ndege maisha yangu yote."

Watu waliguna. Baba mkwe alitazama umati, akatazama ndege, akatabasamu tabasamu la mtu aliyepewa ushindi bure.

"Mmesikia wote," alisema. "Maisha yake yote."

Sasa naweza kueleza hali yangu nilipopanda pikapu ya shemeji. Shakwe sikuwa nimemwona bwawani wiki nzima. Nilikuwa nimeweka neno langu lote rehani kwa mwizi, mbele ya mchungaji, na kama wenzake walikuwa wameondoka bila kuaga kama kawaida yao, basi nimekwisha. Kina mama wa kwaya walijaa nyuma na sare zao. Wengine walifuata kwa bodaboda. Mimi nilikaa mbele katikati, shemeji akiendesha, baba mkwe dirishani amempakata ndege kwenye koti lake, mkono mmoja ukiwa na andazi alilonunua nje ya kanisa.

Tulikuwa bado hatujafika barabara ya lami. Baba mkwe alikuwa ananieleza jinsi bata anavyotakiwa kuchemshwa. Ndege, ambaye tangu asubuhi alikuwa amelegea kama mgonjwa, alinyoosha shingo, akamtazama mzee machoni, akanyakua andazi na kulimeza nusu kwa mkupuo mmoja. Mzee alibaki ameshika hewa.

"Huyu mshenzi!" alisema.

"Sasa mmefahamiana, baba," nilisema. Shemeji alicheka mpaka pikapu ikayumba.

Mlinzi wa shamba ananijua. Aliona kwaya nzima imeshuka getini siku ya Jumapili, akauliza kama kuna msiba, nikamwambia hapana, kuna kesi. Akatufungulia akatufuata, maana naye alitaka kuisikia.

Maji ya bwawa yalikuwa ya kahawia kwa mvua ya jana. Nilitazama bomba la pampu. Halikuwa na kitu. Nilitazama ukingo wa mbali, nikatazama matete. Hapakuwa na shakwe. Juu ya maji walikuwa wanapita buabua tu, wengi, wakidona na kugeuka, na kwa hofu niliyokuwa nayo sikuwatilia maanani. Baba mkwe ndiye aliyesimama.

"Hawa ni nini?"

"Ni wale wa vuli, baba. Wale weupe."

Walikuwa wamekwisha kubadilika, miili myeusi ti, mabawa meupe, na kila walipogeuka uliona nyeusi na nyeupe, nyeusi na nyeupe. Halafu akapita mmoja karibu kabisa na ukingo, aliyechelewa kuliko wenzake. Huyo alikuwa bado katikati. Kifua chake kilikuwa na mabaka, meupe kwa meusi, kama mbuzi. Mzee alimfuata kwa macho alipokwenda, akamfuata aliporudi, akamfuata tena. Midomo yake ilikuwa inacheza lakini sikusikia kitu.

"Huyo dawa ya viatu ilimwishia," alisema shemeji kwa sauti ndogo, na safari hii hakuna aliyecheka.

Lakini kesi ilikuwa ya shakwe. Mimi mwenyewe ndiye niliyeweka masharti, na mzee si mtu wa kusahau masharti. Nilipiga magoti nikafungua ugomba miguuni kwa ndege. Nikamweka kwenye udongo mkavu. Alisimama. Akajikung'uta. Akatembea hatua chache za maringo mpaka kwenye maji, akanywa, akasimama tena. Hakuruka. Jua lilikuwa limetoka, na mlima ulikuwa wazi mpaka kileleni kama unavyokuwa baada ya mvua kubwa. Mama mkwe, Mungu ambariki, alikuwa amenishika mkono, na sikujua kama ananifariji au ananizuia nisikimbie.

Ndipo akafungua mdomo. Ni kile kicheko kibaya, cha kukwaruza, kicheko cha juu ya paa la jirani, nilichokichukia utoto wangu wote. Alicheka mara moja, akanyamaza. Akacheka tena.

Na nyuma ya nyumba ya pampu, mahali ambapo hatukuweza kuona, akajibiwa.

Waliinuka wawili. Mabawa ya kijivu, miguu myekundu imekunjwa chini ya mkia. Wetu alikimbia juu ya udongo, akapiga mabawa, akashindwa, akapiga tena, akashika upepo. Alipanda mpaka walipo, na wote watatu wakazunguka bwawa, juu ya kwaya, juu ya mlinzi, juu ya pikapu, wakipiga kelele zao za kihuni, mlima wote ukiwa nyuma yao. Kina mama walipiga vigelegele kama wa harusini. Mimi nilikuwa nalia na kuruka pale pale kwenye tope na viatu vya kanisani, na heshima ya mke wa mtoto ilikuwa imeniponyoka kabisa.

"Amekuja na basi gani, baba?" nilipiga kelele. "Niambie! Amekuja na basi gani?"

Baba mkwe alivua kofia. Alikuwa amekunja uso kwa ajili ya jua, akiwatazama.

"Basi silijui," alisema mwishowe. "Lakini naona stendi anaijua."

Alicheka, na mimi nilicheka huku nalia, na mama mkwe akasema twendeni nyumbani basi, loshoro ipo, hatutakufa kwa kukosa bata mmoja mwenye tabia mbaya. Kina mama wakatunga wimbo njiani. Sikumbuki maneno yake yote, ila andazi lilikuwemo.

Jumapili ya pili yake, tukiwa kwenye chai, baba mkwe alisafisha koo. Aliniuliza, mbele ya watoto wake wote, ninauonaje ukingo wa mfereji wa juu. Nilisema umelainika karibu na mti wa parachichi. Hakuna aliyeuliza kuhusu mawimbi. Aliinuka, akachukua jembe, akamwambia shemeji achukue la pili, wakaondoka, chai ikiwa bado ya moto. Nilibaki nimekaa na kikombe changu, nikiwa na furaha ambayo sikuwa nimeipata hata siku ya harusi.

Buabua waliondoka mwezi wa tano, kimya kimya kama kawaida. Baridi ikaja ikapita. Tukavuna mahindi, tukala vumbi, tukangoja vuli.

Asubuhi moja ya mwezi wa kumi na moja nilikuwa kibandani, maharage yamejaa mezani, simu ikalia. Alikuwa baba mkwe, ambaye hapigi simu mpaka pawe na msiba. Nikapokea haraka.

"Shikamoo, baba. Kuna nini?"

"Marahaba. Wamerudi. Weupe. Nimewaona kabla yako."

"Uko wapi, baba?"

"Toka nje."

Nilitoka na aproni yangu. Ng'ambo ya bwawa alikuwa amesimama na kofia yake, na kando yake mzee mwenzake wa kanisani, yule yule anayenadi. Mlinzi alikuwa amewaletea benchi. Juu ya maji buabua walikuwa wamejaa, weupe wote, wakidona na kugeuka. Baba mkwe alikuwa ananyoosha fimbo, akieleza kwa mikono miwili, na sauti yake ilivuka maji ikanifikia vizuri kabisa.

"Mwezi wa nne watakuwa weusi! Weusi ti! Mabawa tu ndiyo yanabaki!"

"Acha uongo, mzee mwenzangu," alisema mwenzake. "Ndege mweupe ageuke mweusi?"

Baba mkwe alimtazama, akatikisa kichwa. Kisha akageuka upande wangu, akainua fimbo juu, akaniita kwa sauti iliyowafanya wasichana wote watoke kibandani kutazama.

"Mama! Hebu njoo umwambie huyu! Mimi haniamini!"

Nilivua aproni nikazunguka bwawa, wala sikuharakisha.